Korosho, malaria na mjusi wa Tendaguru: namna ya kulinganisha nukuu za watafiti

Ukipewa mafaili mawili, la mtafiti wa korosho wa TARI Naliendele (kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania) na la mtafiti wa malaria, ulinganishe nukuu zao, yaani mara ambazo makala zao zimetajwa na makala nyingine, usikimbilie namba. Anza na jina. Sisi Watanzania tunaandika majina matatu, na majarida hayajui lipi ni la ukoo: makala moja inaingia kwa jina la baba, nyingine kwa la babu, na aliyeolewa pengine anaongeza la mume. Mtu mmoja anageuka watatu kwenye Scopus, hifadhidata ya makala za kisayansi na nukuu zake, na nukuu zake zinatawanyika.

Dawa yake ni ORCID, utambulisho wa mtafiti mtandaoni usiotegemea jina. Kujisajili ni bure, na unapata namba ya tarakimu 16. Kwenye sehemu ya majina mengine jaza kila sura ya jina uliyowahi kuchapishia, kisha weka namba hiyo kila unapotuma muswada. Kwenye Scopus jitafute kwa sura zote hizo, halafu omba wasifu wako uliogawanyika uunganishwe.

Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, ina ugonjwa wa kinyume: inazoa kupita kiasi. Unapofungua wasifu, thibitisha kwa barua pepe ya taasisi na uzime kujiongezea makala yenyewe. Chagua kuulizwa kwanza. Usipofanya hivyo utajikuta na makala za mtu mwenye jina kama lako, na majina ya Kusini yanavyofanana unayajua. Makala ikitokea mara mbili, tia alama zote mbili uziunganishe. Ukifuta moja, nukuu zilizoning'inia hapo zinaondoka nayo.

Sasa hesabu. Faharasa ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi kubwa kabisa ya makala zako ambazo kila moja ina nukuu zisizopungua idadi hiyo, na haihitaji programu. Panga makala kuanzia yenye nukuu nyingi. Tuseme zako ni 41, 22, 15, 9, 6, 5, 3, 1 na 0. Shuka ukihesabu nafasi: ya tano ina nukuu 6, inatosha, ya sita ina 5, haifiki. H yako ni 5. Angalia kwamba zile 41 zingekuwa 400, h ingebaki 5 vilevile. Kwa mtu mwenye makala moja kubwa sana, kipimo hiki kinampunja.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuweka h za fani mbili kwenye mizani moja. Malaria ina watafiti wengi duniani, wanachapisha kwa kasi, na makala zao huwa na orodha ndefu za marejeo. Anayechunguza ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho ananukuliwa na kundi dogo, hata kazi yake ikiwa imefika kwenye kila shamba la Tandahimba na Newala. Wanahisabati nao hunukuu kidogo. Muda pia hutofautiana: mjusi wa Tendaguru, Lindi, yule dinosaria mkubwa, alipewa jina na Werner Janensch mwaka 1914, na wataalamu wa visukuku bado wanairejea kazi hiyo. Kipimo kinachohesabu makala za miaka miwili iliyopita tu kingeipa sifuri bila aibu.

Kwa hiyo gawanya. Chukua nukuu za makala, gawa kwa wastani wa makala za fani ileile, mwaka uleule na aina ileile (makala ya mapitio isishindanishwe na ya majaribio). Ya korosho yenye nukuu 12, wastani ukiwa 8, inapata 1.5. Ya malaria yenye 30, wastani 40, inapata 0.75. Scopus inatoa kipimo cha namna hii, na 1 ndiyo wastani wa dunia. Kwa mtu mwenye makala nne au tano usikiamini sana, kwani moja tu inakiyumbisha.

Toa pia nukuu za kujinukuu mwenyewe, au angalau zitaje kando. Na usichanganye vyanzo: Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, hivyo namba zake kwa kawaida huzidi za Scopus. Watafiti wote wawili wachukuliwe kutoka chanzo kimoja, siku moja, na jina la chanzo pamoja na tarehe viandikwe pembeni ya kila namba.