Kabla hujahamia apu mbadala, jua kwanza namna ya kuipima

Watu wakiuliza kuhusu programu zinazoheshimu faragha huwa wanapewa orodha tu, tumia hii acha ile, na baada ya wiki mbili wengi wamesharudi walikotoka. Orodha inazeeka haraka sana. Ukijua kuipima apu mwenyewe hutahitaji kumuuliza mtu kila mwaka, kwa hiyo naanza na hapo alafu ndo tuje kwenye majina.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya kiprogramu yanayoiunda, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza kwa leseni kama GPL au MIT. Faragha ni habari nyingine. Chrome imejengwa juu ya Chromium ambayo ni huria kabisa, lakini sijawahi kuona mtu anaichagua Chrome kwa ajili ya faragha. Na kuna apu zilizofungwa zinazosema hazikusanyi chochote, inawezekana ni kweli, ila huna pa kuhakikishia, unabaki na neno lao tu. Sisi tunatafuta yenye vyote viwili.

Swali la kwanza la kuuliza: hawa watu wanakula wapi? Seva zinalipiwa, watengenezaji nao wana familia. Kama apu ni ya bure na huoni michango, ruzuku wala huduma ya kulipia, endelea kuchimba. Signal, apu ya meseji, inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa 2018, Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, akaweka dola milioni 50 za kuanzia, na leo inaomba michango ya watumiaji. Hiyo inaeleweka. Alafu ujue mwenye mali anaweza kubadilika. Simple Mobile Tools zilikuwa apu ndogondogo nzuri sana, galari, kalenda, faili, watu walizipenda maana hazikuwa na matangazo wala mambo mengi, mwishoni mwa 2023 zikauzwa kwa kampuni ya ZipoApps. Lakini kwa sababu msimbo ulikuwa huria, mmoja wa waliokuwa wanachangia aliuchukua akauendeleza kwa jina la Fossify, na watumiaji wakahamia huko na maisha yakaendelea. Kwangu mimi hapo ndo uzito wa programu huria ulipo, mwenye mali akibadilika kazi haifi naye.

Swali la pili ni nani ameshika ufunguo. Hili ndo kubwa, soma taratibu. WhatsApp inafumba meseji mwisho hadi mwisho, yaani anayetuma na anayepokea tu ndo wanaoweza kuzisoma, na tangu 2016 inatumia mfumo uleule wa Signal, kwa hiyo maneno yenyewe yako salama njiani, kinachobaki ni taarifa za pembeni, unaongea na nani, mara ngapi, saa ngapi. Telegram watu wanaiamini kupita kiasi. Mazungumzo ya kawaida kule hayajafumbwa mwisho hadi mwisho, ni mpaka ufungue mazungumzo ya siri, na hayo ni ya watu wawili tu, magrupu hayamo kabisa. Apu yao ina msimbo wazi lakini wa seva haujawekwa wazi. Signal yenyewe mwaka 2016 ilitakiwa na vyombo vya sheria vya Marekani kutoa taarifa za mtumiaji, na walichokuwa nacho ni tarehe ya kujisajili na mara ya mwisho kuunganishwa, basi. Apu nzuri ni ile ambayo hata ikibanwa haina cha kutoa.

La tatu, nitatokaje? Tafuta sehemu ya kuhamisha data kabla hujaingiza hata kitu kimoja. Ikiwa huwezi kutoa data yako kwa faili ambalo programu nyingine inalisoma, umetoka gereza moja umeingia jingine.

Kuhakiki haraka kwenye Android, anza na F-Droid. Duka hili lipo tangu 2010, linaweka programu huria tu na kwa kawaida linazijenga lenyewe kutoka kwenye msimbo, na apu ikiwa na tabia mbaya kama kufuatilia watu au kutegemea huduma iliyofungwa wanaiwekea alama ya tahadhari palepale kwenye ukurasa wake, usiiruke. Kwa apu za duka la kawaida, andika jina lake kwenye tovuti ya Exodus Privacy utaona vifuatiliaji, yaani vipande vinavyorekodi unachofanya, vilivyopo ndani na ruhusa inazoomba. Tochi inayotaka namba za simu za watu wako, achana nayo. Angalia pia apdeti ya mwisho ilitoka lini na kama kuna watu wanajibu matatizo yanayoripotiwa, maana programu iliyotelekezwa miaka mitatu ni hatari hata kama ni huria. Msimbo kuwa wazi haimaanishi kuna mtu anausoma. Mwaka 2024 kuna mtu alishapenyeza mlango wa siri kwenye xz, kipande kidogo cha programu kinachotumika kwenye Linux nyingi, ule mfumo huria wa kompyuta, na aliyeugundua ni mhandisi wa programu Andres Freund baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Aliweza kufukua mpaka chini kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi, ila ilibaki kidogo sana mlango huo usambae.

Sasa kuhama. Usihame vyote siku moja, nakuomba. Mimi nilifanya hivyo wikiendi moja, nikafuta apu ya zamani ya namba za uthibitisho, zile za muda unazoulizwa baada ya nywila, kabla ya kuhakikisha kila akaunti imehamia kwenye mpya, akaunti mbili sikuzipata tena na moja ilikuwa na picha za miaka. Bado inaniuma. Hamisha kimoja, kaa nacho wiki mbili au tatu, cha zamani usikifute mpaka uone hukigusi tena.

Anza na brauza maana ndo rahisi na faida unaiona siku hiyohiyo. Weka Firefox, ongeza uBlock Origin inayozuia matangazo na vifuatiliaji, na kwenye simu ya Android inakubali pia, alafu ingia kwenye mipangilio ya faragha uzime kutuma taarifa za matumizi, maana hata Firefox inatuma. Zikifuata nywila ni vizuri. Kuna apu za kuzitunza, Bitwarden kama unataka zipatikane kwenye simu na kompyuta bila kuhangaika, KeePassXC kama unataka faili moja lililofumbwa ulishike mwenyewe, ila hapo bakapu ni juu yako na ukisahau nywila kuu hakuna wa kukufungulia. Namba za uthibitisho weka Aegis, inatoa bakapu iliyofumbwa.

Meseji ndo ngumu, kwa sababu huhami peke yako. Usiwalazimishe watu. Chukua wawili watatu unaoongea nao mambo nyeti, wawekee Signal wewe mwenyewe kwenye simu zao, wengine wabaki walipo.

Ramani, Organic Maps inatumia data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, na inafanya kazi bila intaneti. Video, VLC unaijua tayari. Hati, LibreOffice inatosha watu wengi, ila faili la Word lenye majedwali mengi linaweza kuvurugika kidogo, kwa hiyo kama mtu anahitaji kusoma tu mtumie PDF.

Mfumo wa kompyuta uwe wa mwisho. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 na kompyuta nyingi nzima kabisa hazikubaliki kwenye Windows 11, hizo Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, inazifaa sana. Iweke kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski, jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Vikikubali vyote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, yafungue mawili matatu uone yanasoma, ndo ubonyeze kitufe cha kuiweka.