Ndugu wa London, chama kwanza, barua ya bosi baadaye

Ukifanya usafi wa maofisini London, wenzako wengi ni watu wa Colombia na Ecuador. Walatini hao ndio waliotufyekea njia. Walipochoka kusubiri vyama vikubwa vya wafanyakazi, wakawa na vyao: IWGB mwaka 2012, UVW mwaka 2014. Wasafishaji wa chuo cha LSE waligoma 2017 hadi chuo kikakubali kuwaajiri chenyewe, wakala akae pembeni.

Mimi niliyajua hayo nikiwa nimeshaungua. Kampuni ilinikata malipo ya wiki mbili. Nikaandika malalamiko, meneja akajibu: asante kwa subira yako, tunalishughulikia. Waingereza bwana! Nyumbani bosi akikudhulumu anakufokea, unajua ulipo. Hapa unadhulumiwa kwa "samahani" na "tafadhali". Kikao kiliahirishwa mara tatu. Jibu la hapana lilipokuja nikakimbilia chamani. Dada mmoja akafungua kalenda, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akanyamaza. Nilikuwa nimepitiliza siku tisa.

Wakati ule muda wa kudai kwenye mahakama ya kazi ulikuwa miezi 3 kasoro siku 1, na unahesabiwa tangu ulipokatwa. Sikilizeni: tangu ulipokatwa, si tangu bosi alipojibu! Malalamiko ya ndani ya kampuni hayasimamishi siku. Kinachosimamisha ni taarifa yako kwa Acas, shirika la umma la kusuluhisha migogoro ya kazi, nayo ni bure. Sheria hubadilika, ulizeni chamani muda wa sasa, ila msimsubiri bosi. Nasema tena, msimsubiri.

Kujiunga ni fomu ya mtandaoni. Viza haikuzuii. Ila si kama TUICO, chama cha wafanyakazi cha kwetu Tanzania, ada ikatwe kwenye mshahara; mara nyingi unalipa mwenyewe benki, na mgogoro ulioanza kabla hujajiunga huenda wasiubebe. Ukiitwa kikao cha nidhamu, una haki ya kwenda na mtu wa chama hata kama kampuni haikitambui.

Mama yangu aliposikia alisema, "Mwanangu, migomo ya nini, si ushukuru una kazi?" Shikamoo mama, nashukuru, lakini zile wiki mbili zilikuwa na ada ya mdogo wangu ndani yake.

Mikutano huanza kwa Kihispania, tafsiri hufuata. Vumilia, kuna chai. Beba hati za mshahara, na siku uliyokatwa izungushie duara kwenye kalenda.