Swali la utafiti lianzie nyuma ya darasa

Unatafuta swali la utafiti kuhusu ubora wa ufundishaji darasa la awali? Neno "ubora" liweke kando kwanza, halishikiki. Kaa nyuma ya darasa asubuhi moja, uhesabu maswali ya mwalimu: yanayoitikiwa kwa pamoja ("Hii rangi gani?" "Nyekunduuu!") na yanayomfanya mtoto mmoja aeleze ("Umejuaje?"). Swali litajileta lenyewe: haya ya pili huulizwa lini, na huulizwa watoto gani? Ukimuuliza mwalimu kama anafundisha vizuri, nani atakataa? Lakini maswali unayoyahesabu unayasikia mwenyewe. Ila siku ya kwanza usiiamini, mbele ya mgeni somo hupambwa. Rudi hata mara tatu. Na darasa likiwa na watoto mia utasikia kiitikio tu, basi hesabu watoto wanaogusa vifaa vya kujifunzia.