Wiki za kwanza ofisini: barua, majalada, petikeshi na muhtasari wa kikao

Mwanafunzi wa utawala wa biashara au uhazili anayeingia ofisini kwa mafunzo ya vitendo, yale ambayo vyuo vingi vya Tanzania huyaita fildi, mara nyingi huwa amesoma nadharia za uongozi lakini hajui barua ikifika mlangoni inapitia wapi. Na kazi atakayopewa ni hiyo ya barua. Mwongozo huu unahusu shughuli zitakazojaza siku zako, na makosa ambayo kila kundi jipya huyarudia.

Siku ya kuripoti, kabidhi barua ya utambulisho ya chuo na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kisha uliza mambo manne: msimamizi wako ni nani, nani anasaini barua zinazotoka, nani anaidhinisha matumizi ya fedha, na masjala, yaani chumba cha kusajili barua na kutunza majalada, inafunga saa ngapi. Salimu watu wote. Shikamoo ni ya kila aliyekuzidi umri, mlinzi na mhudumu wa ofisi wakiwemo, na mhudumu usimwite "wewe". Waulize wenzake wanamwitaje, mara nyingi ni Mama fulani. Yeye ndiye anayejua barua hulala meza gani.

Barua inayoingia

Anza na bahasha. Ikiwa imeandikwa "Siri", usiifungue hata kama umeagizwa kufungua barua zote. Sajili jina la aliyeileta, tarehe na namba iliyo juu ya bahasha, kisha umpe mhusika ikiwa imefungwa vilevile.

Barua ya kawaida ukishaifungua, hesabu viambatisho kabla ya kugonga muhuri. Barua ikisema ina viambatisho vitatu na wewe unaona viwili, mwambie karani wa masjala hapohapo na uandike pembeni kwa penseli kwamba kimoja hakimo. Ukigonga muhuri kwanza, umekubali kwamba vyote vimefika, na kitakachotafutwa baadaye kitatafutwa kwako.

Muhuri wa "Imepokelewa" gonga mahali peupe, usifunike maandishi wala saini. Tarehe ya muhuri huzungushwa kwa mkono kila asubuhi, na hapo ndipo wengi huteleza: barua za Jumatatu zinatoka na tarehe ya Ijumaa. Kwa mwaliko wa semina si neno, lakini kwa zabuni au rufaa yenye siku ya mwisho, siku moja inaweza kuamua nani apate na nani akose. Gonga kwanza kwenye karatasi chakavu, usome.

Ndipo uisajili kwenye daftari la barua zinazoingia: namba ya mfululizo, tarehe ya kupokea, tarehe ya barua yenyewe, Kumb. Na. (kumbukumbu namba) ya mwandikaji, imetoka wapi, inahusu nini, jalada lake, na imepelekwa kwa nani. Kwenye "inahusu nini", usiandike "maombi". Andika "maombi ya likizo ya uzazi" au "maombi ya ukumbi tarehe 12". Miezi sita baadaye neno "maombi" peke yake litakuwa limejaza ukurasa mzima.

Jalada lenyewe lina pande mbili: karatasi ya madokezo kushoto, barua kulia, mpya ikiwa juu. Kabla ya kutoboa kwa panchi, kunja ukingo wa karatasi kidogo upate katikati, vinginevyo barua zitatokeza nje ya jalada na kuchanika. Namba ya folio, yaani ya kila karatasi iliyomo jaladani, iandikwe kona ya juu kulia kwa kufuata iliyotangulia. Usiruke namba, na usichomoe folio hata bosi akiwa na haraka. Mpe jalada zima au mtolee nakala.

Jalada linapotoka masjala, andika limekwenda kwa nani na lini. Majalada mengi yanayosemwa yamepotea yako palepale ofisini: ofisa wa kwanza alimpa wa pili mkononi, wa pili akampa wa tatu, na daftari bado linasoma jina la wa kwanza. Ukitumwa kulihamisha kutoka chumba hadi chumba, pitia masjala kwanza, hata kama ni kupanda ngazi mara mbili.

Kuandika barua

Mpangilio wa barua ya Kiswahili unaujua: Kumb. Na., tarehe, anwani, Yah (yahusu), mwili, saini, jina, cheo, Nakala. Tatizo halitoki hapo. Linatokana na kuchukua barua ya zamani kwenye kompyuta na kuandika juu yake. Unabadilisha jina na maelezo, lakini Kumb. Na. inabaki ya mwaka jana, au Nakala inakwenda kwa mtu aliyekwisha kuhama. Fanya hivi: ihifadhi kwa jina jipya kabla hujagusa neno hata moja. Ukimaliza, isome kutoka chini kwenda juu: nakala, cheo, jina, tarehe za ndani, kichwa, anwani, tarehe, kumbukumbu. Ukisoma kutoka juu, macho yanafuata hadithi na kuyaruka makosa.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi, siku: 2025-03-14-barua-ukumbi. Yatajipanga yenyewe. "Barua mpya ya mwisho kabisa 2" haitamsaidia yeyote.

Petikeshi

Usiombe kukabidhiwa kisanduku cha fedha ndogondogo. Ukipewa, fuata hesabu yake bila huruma. Kiasi hakibadiliki: fedha taslimu iliyomo jumlisha vocha (hati za malipo) zilizolipwa lazima zirudi kwenye kile kiasi cha kuanzia.

Tuseme kisanduku kilianza na shilingi 200,000. Umenunua rimu tatu za karatasi kwa 39,000, maji ya kunywa kwa 14,500, na bodaboda ya kupeleka barua kwa 6,000. Jumla ni 59,500, hivyo ndani kunatakiwa kuwe na 140,500. Unahesabu, unakuta 139,500. Elfu moja imekwenda wapi? Mara nyingi ni makato: ulilipa kwa simu, ukaandika bei ya bidhaa na kusahau ada ya muamala. Ada hiyo iandike kwenye mstari wake, ukiambatisha ujumbe wa muamala uliochapishwa.

Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na usome kiasi na tarehe kabla hujatoka. Maandishi ya karatasi hizo hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo toa nakala siku hiyohiyo na ubane pamoja na risiti halisi. Bodaboda hana EFD. Kwake jaza vocha inayoonyesha ametoka wapi kwenda wapi, kwa shughuli gani, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, asaini aliyepokea na aliyeidhinisha. Usimsainie. Na usikope humo nauli ya jioni kwa nia ya kurudisha asubuhi, maana ukaguzi wa kushtukiza hautakuuliza nia.

Kikao

Saa za kikao zina mtego wake. "Saa 3 asubuhi" kwenye kalenda ya kompyuta ni 09:00, na "saa 8 mchana" ni 14:00. Anayeandika 3:00 kwa haraka hujikuta ametuma mwaliko wa alfajiri au wa saa 9 alasiri. Kwenye mwaliko andika zote mbili, hasa ukiwa na wageni kutoka nje.

Nenda na ajenda, muhtasari wa kikao kilichopita, na karatasi ya mahudhurio yenye nafasi ya saini. Watenganishe waliohudhuria na waliotoa udhuru. Katika "Yatokanayo" andika kila agizo la kikao kilichopita limefikia wapi. "Mengineyo" isiwe kapu la kila kitu.

Usijaribu kunukuu kila anayezungumza. Linganisha hizi mbili:

"Wajumbe walijadili kwa kina suala la printa ya masjala na kutoa maoni mbalimbali."

"Iliagizwa printa ya masjala itengenezwe kabla ya tarehe 28. Mhusika: Ofisa Ugavi."

Ya kwanza ni ndefu na haimtumi mtu. Ukiona mjadala unakwisha bila jina wala tarehe, mwulize katibu wa kikao kwa sauti ndogo nani mhusika, usibuni mwenyewe. Rasimu imalize ndani ya siku mbili, kumbukumbu ikiwa bado moto.

Mashine na simu

Simu ya mtu asiyekuwepo: andika jina, namba, saa, na ujumbe, kisha msomee mpigaji namba yake tarakimu kwa tarakimu. Mashine ya kunakili ikitoa mstari mweusi kutoka juu hadi chini unapopitisha karatasi kwenye kilishio cha juu, usikimbilie kubadili wino. Mara nyingi ni doa kwenye kile kioo chembamba cha pembeni. Kifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Karatasi zikikwama mara kwa mara, pengine zimevuta unyevunyevu, jambo la kawaida miji ya pwani. Rimu iliyofunguliwa irudishe kwenye kifungashio chake, na upepete karatasi kabla ya kuzipakia. Na usiache nakala ya kitambulisho au ya mshahara wa mtu juu ya kioo: taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Logibuku na makabidhiano

Jaza logibuku, daftari la kazi zako za mafunzo, kila siku kabla ya kutoka. "Nilifanya kazi za ofisi" haisemi kitu; "Nilisajili barua 23, nikafungua majalada 2 mapya, nikaandaa rasimu ya mwaliko wa kikao" inasomeka. Saini ya msimamizi itafute kila Ijumaa. Anayengoja wiki ya mwisho humkuta msimamizi yuko likizo, na wiki nane zilizojazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja wa haraka, mwalimu wa chuo huzitambua kabla hajafungua ukurasa wa tatu.

Siku mbili kabla ya kuondoka, andika ukurasa mmoja wa makabidhiano: majalada uliyonayo kwa namba, barua ambazo hazijajibiwa, mafaili yako yako folda gani, funguo, na petikeshi ikiwa imehesabiwa mbele ya anayepokea. Nakala mbili, zisainiwe na wote wawili, moja uondoke nayo.