Jinsi ya kusafisha udongo wenye madini ya risasi (lead) pale palipokuwa kiwanda cha betri

Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa wanajua, kiwanda cha kuyeyusha betri kikifungwa sumu haiondoki nacho, madini ya risasi hayaozi, yanakaa tu kwenye udongo miaka na miaka. Kwa hiyo kwanza pima. Chukua sampo sehemu nyingi, hasa udongo wa juu juu, karibu na tanuru, kwenye mitaro na pale watoto wanapocheza, peleka maabara.

Usichimbe pakavu jamani! Mwagia maji kwanza vumbi lisiruke, vaa barakoa ya kuzuia vumbi la sumu sio ile ya kitambaa, na nguo za kazi usirudi nazo nyumbani. Udongo ulioharibika sana unatolewa unapelekwa dampo maalum la taka za sumu lisilovuja, unaobaki unafunikwa na udongo safi halafu nyasi au zege. Fosfeti, ile kemikali ya kwenye mbolea, inasaidia kuishika risasi kwenye udongo ila haiiondoi.

Maji ya kisima nayo yapimwe, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema risasi isizidi maikrogramu 10 kwa lita, na kuchemsha hakuitoi hata kidogo. Watoto wapimwe damu sasa hivi, msisubiri usafi uishe.