Namna ya Kuhesabu Spishi za Ndege Katika Kaunti Nzima kwa Siku Moja

Anayetaka kuorodhesha spishi nyingi za ndege katika kaunti moja kwa siku moja ya majira ya kuchipua aanze na ramani kabla ya kushika darubini. Idadi atakayoipata jioni hutegemea zaidi aina za makazi atakayoyapitia, na saa atakayofika katika kila moja, kuliko wingi wa kilomita atakazosafiri. Tia alama kwenye misitu, nyanda za nyasi, vinamasi, maziwa na ufuo wa bahari kama upo, kisha uviunganishe kwa njia isiyokurudisha ulikotoka.

Katika nchi za kaskazini zenye baridi, nusu ya kwanza ya Mei ndiyo hufaa katika sehemu nyingi, kwa sababu ndege wahamaji wanaingia huku baadhi ya wageni wa majira ya baridi wakiwa bado hawajaondoka. Global Big Day, siku ya kuhesabu ndege duniani inayoandaliwa na Cornell Lab of Ornithology ya Marekani, nayo hufanyika Mei. Ikiwa una uhuru wa kuchagua siku, fuatilia hali ya hewa, kwani ndege wengi wadogo husafiri usiku: upepo wa kusini huwasukuma mbele kwa wingi, na mvua inayowakuta kabla ya mapambazuko huwashusha kwenye miti iliyo karibu.

Bundi watafutwe kungali giza, nawe uwe umekwisha kusimama msituni kabla jua halijachomoza. Saa mbili zinazofuata ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa kuwa madume huimba kwa bidii wakati huo na jua likipanda hupunguza. Kwa maoni yangu, kuzitumia saa hizo barabarani ni hasara isiyofidika mchana kutwa. Tembea polepole, simama mara kwa mara, na utegemee masikio, kwa maana ndege aliyesikika tu huhesabiwa sawa na aliyeonekana, mradi sauti yake umeitambua pasipo shaka. Usicheze sauti zilizorekodiwa ili kuwavuta ndege walio katika msimu wa kuzaliana; kuwalazimisha waache viota vyao ili orodha yako irefuke ni kuwadhulumu.

Kuanzia saa nne asubuhi elekea kwenye nyanda za nyasi, na karibu na adhuhuri tazama juu, maana tai na mwewe huelea kwenye hewa yenye joto inayopanda. Bata na shakwe huonekana saa yoyote, hivyo waachie alasiri. Jua liwe mgongoni mwako: alasiri simama upande wa magharibi wa ziwa, la sivyo utaona vivuli tu. Ufuoni, panga kufika maji yanapojaa, kwa kuwa ndege wanaotafuta chakula matopeni husogezwa karibu na kukusanyika. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za upana wa milimita 42, inatosha kwa kazi nyingi, lakini kwenye maji mapana teleskopu yenye miguu mitatu husaidia sana.

Andika papo hapo, wala usingoje jioni. Kwenye eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya ndege walioonekana iliyoanzishwa mwaka 2002, fungua orodha mpya kwa kila kituo na uandike kila spishi uliyoitambua, hata ya kawaida kabisa, kwa sababu orodha kamili humwonyesha mtafiti pia ndege ambao hawakupatikana. Andika na idadi yao. Kundi likiwa kubwa, hesabu ndege kumi, angalia wanachukua nafasi kiasi gani, kisha ukadirie ni mara ngapi nafasi hiyo inaingia katika kundi zima. Ndege mwenye utata mpige picha, uandike alama za mabawa, mdomo na miguu; ukishindwa kuamua, mwache nje ya hesabu.

Machweo yakukute kinamasini, ambako ndege wanaojificha mateteni huanza kuita giza likiingia.