Jinsi ya kufunga hesabu za robo mwaka kwenye kampuni ya maabara ya vipimo

Wakuu, kwa wale mnaoshika hesabu za maabara binafsi, iwe Dar, Mwanza au Nairobi, hii ni ya kwenu. Benki inaomba ripoti ya robo mwaka, bodi inaomba, mwekezaji naye anaomba, alafu kinachopelekwa mara nyingi ni printi ya mauzo na salio la benki, mkaguzi akija mwisho wa mwaka faida yote imeyeyuka na watu wanatafutana. Kwenye maabara shida karibu siku zote inaanzia sehemu moja, kilichofanyika kule kwenye benchi na kilichoandikwa uhasibuni havifanani. Kwahiyo anza hapo kabla hujagusa kitu kingine.

Tuseme mwaka wenu wa hesabu unaisha Desemba na robo hii inaisha 30 Juni. Vuta kwenye mfumo wa maabara orodha ya vipimo ambavyo majibu yametoka mpaka siku hiyo, sio sampuli zilizopokelewa na sio invoisi zilizotumwa. Kazi unayolipwa inakamilika majibu yakitoka, basi na mapato yanaingia hapo. Kipimo cha kuotesha vijidudu (culture) kilichopandwa tarehe 28 Juni na majibu yakatoka 2 Julai ni cha robo inayofuata hata kama mgonjwa alishalipa keshi dirishani, hiyo hela kwa sasa ni deni, unadaiwa kipimo. Na kinyume chake, vipimo vya wafanyakazi wa kampuni fulani vilivyotoka Juni ila invoisi inaenda Julai, hivyo ni mapato ya Juni, viweke.

Bima ndo penye kazi kubwa, usiparaze. Ukituma klemu ya milioni 100 na unajua kwa uzoefu wa miezi iliyopita kwamba huwa wanakata, labda fomu haina sahihi, labda bei imezidi ile ya mkataba, labda kipimo hakimo kwenye kifurushi, na inayolipwa kweli ni kama milioni 92, basi mapato yako ni 92 tangu siku ya kwanza. Usiandike milioni 100 alafu mwezi Desemba ukaja kushusha milioni 8. Fanya makadirio kwa kila bima peke yake maana tabia zao za kulipa hazifanani, na chukua takwimu kwenye barua zao za malipo, sio kichwani kwa mtu. Hilo la makato linapunguza mapato. Hofu kwamba mlipaji hana hela kabisa ni kitu kingine, hiyo inaenda kwenye akiba ya madeni mabaya chini ya IFRS 9 (standadi ya kimataifa ya uhasibu inayogusa madeni unayodai), ukizichanganya hutajua kama tatizo ni watu wako wanaojaza fomu vibaya au ni mlipaji.

Vitendanishi, yaani kemikali na kiti za kupimia: IAS 34, ile standadi ya ripoti za katikati ya mwaka, haikulazimishi kuhesabu stoo nzima kila robo, ila vile vya bei kali nenda kwenye friji ukahesabu. Wengi wanapiga hesabu kwamba boksi la vipimo 100 limetoa majibu 100, haliwezi, kuna kontroli za kila asubuhi (sampuli za kuhakiki majibu), kalibresheni (kuweka mashine isome sawa) na vipimo vya kurudia, vyote vinakula humohumo. Na kilichoexpire kifute robo hiyohiyo, standadi hairuhusu kubeba hasara mbele kwa matumaini kwamba mwaka ukiisha mambo yatakaa sawa. Kama mnadaiwa kwa dola, lile deni ligeuze kwa reti ya 30 Juni, sio reti ya siku mzigo ulipoingia.

Kama mashine mmewekewa bure na sapulaya kwa sharti la kununua vitendanishi vyake, soma mkataba vizuri, kuna uwezekano ndani yake kuna upangaji wa mashine, yaani kihesabu mmeikodi, na IFRS 16 (standadi ya upangaji) inakuhusu. Sevisi ya mashine mliyolipia mwaka mzima igawanye kwa miezi, lakini matengenezo mnayopanga kufanya Oktoba hayaingii Juni hata kidogo, bado hayajatokea.

Kodi nayo inahitaji akili, usichukue tu 30% ya faida ya robo ukamaliza. Kadiria mwaka mzima kwanza. Mfano faida ya mwaka mnategemea milioni 200 na kodi yake, ukisharudisha kwenye faida gharama zisizokubalika kikodi, inafika milioni 66, hiyo ni 33%, basi robo yenye faida ya milioni 80 inabeba kodi ya milioni 26.4.

Kwenye kupanga ripoti yenyewe watu wanakosea sana safu za kulinganisha. Mizania ya 30 Juni inalinganishwa na ya 31 Desemba iliyopita, sio Juni ya mwaka jana. Mapato na matumizi unaonyesha Aprili mpaka Juni na pia Januari mpaka Juni, zote pamoja na za mwaka jana. Mtiririko wa fedha na mabadiliko ya mtaji ni Januari mpaka Juni tu, na mwaka jana wake. Maelezo yawe mafupi, eleza kilichobadilika tangu ripoti ya mwaka, usirudie kurasa zote za sera, ila kama mmebadilisha asilimia ya makato ya bima sema wazi na sababu yake, msomaji wa ripoti ya maabara hilo ndo analitafuta.

Alafu endelea kufuatilia mpaka siku bodi inapopitisha. Kampuni ya bima mnayoidai ikiingia kwenye ufilisi katikati ya Julai, kwa kawaida unarudi kurekebisha akiba ya madeni mabaya ya 30 Juni, maana hali yake ilishakuwa mbaya kabla. Ila stoo ikiungua 10 Julai, namba za Juni zinabaki vilevile, unaandika kwenye maelezo tu na hasara unaibeba robo ya tatu.